Sura ya 4: Chumvi, Chokaa na Lita 200

Meli ya Kiingereza Challenger iliporudi nyumbani mwaka 1876, baada ya miaka mitatu na nusu ya kuzunguka bahari za dunia, ilileta pamoja na mizigo mingine chupa za maji yaliyochotwa juu na kilindini. Sampuli 77 zilipelekwa Glasgow kwa mkemia William Dittmar, naye akazichambua moja baada ya nyingine: klorini, sodiamu, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, salfati. Ripoti yake ilitoka mwaka 1884. Ilithibitisha kwamba chumvi inaweza kukolea zaidi pwani hii na kupungua pwani ile, lakini mgawanyo wa madini makuu ndani ya chumvi hiyo karibu haubadiliki popote. Kalsiamu ina fungu lake na magnesiamu lake, iwe Atlantiki au Pasifiki.

Ndiyo maana kitatange aliyevuliwa pwani ya Kenya anaweza kuishi tangi moja na tumbawe la Indonesia, sebuleni Berlin au Chicago, katika maji ya bomba yaliyochujwa na kutiwa chumvi ya pakiti. Kikemia, maji hayo ni ya kwao wote wawili. Tabu huanza wakishaingia. Baharini tumbawe likinyonya kalsiamu, mkondo unaofuata unaleta nyingine. Tangi la lita 200 halina mkondo unaofuata. Kinachonyonywa kimekwenda, kinachotupwa kinabaki humohumo, na maji yanayopaa yanaacha nyuma kila kilichoyeyuka ndani yake. Kufuga samaki wa baharini nyumbani ni kuweka hesabu ya mambo hayo matatu, na kila moja lina kipimo chake, kasi yake na hila zake.

Maji yanapaa, chumvi inabaki

Maji ya bahari yanayozunguka miamba ya matumbawe huwa na chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Tangi la lita 200 basi limebeba chumvi kilo 7. Taa, feni na joto la nyuzi 25 au 26 hupeleka hewani lita 2 au 3 kwa siku, nayo ni maji matupu. Tuseme ni lita 3, na mwenye tangi amesafiri wiki nzima. Akirudi atakuta lita 179, na zile kilo 7 ziko palepale. Ukolezi umepanda kutoka gramu 35 hadi 39. Samaki wengi watavumilia. Kiti cha pweza na wenzake wasio na uti wa mgongo, ambao hawawezi kurekebisha chumvi ya miili yao kama samaki, huanza kunyong'onyea.

Wageni wa kazi hii huona maji yamepungua, wakachanganya maji mengine ya chumvi na kujazia. Kwa lita 21 za wiki ile wanakuwa wameongeza chumvi gramu 735 juu ya ile ambayo haikuondoka. Pengo la mvuke hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi kabisa, tena kidogo kidogo kila siku. Wengi huweka pampu ndogo yenye boya: maji yakishuka kidogo, pampu inawaka, yakirudi kimo, inazima.

Maji hayo ya kujazia nayo hayachotwi bombani moja kwa moja. Bomba huleta klorini ya kuulia vijidudu, huleta nitrati na fosfati, na mabomba ya zamani huleta shaba, ambayo hata kwa kiasi kidogo mno huua kamba na matumbawe. Hupitishwa kwanza kwenye utando wa osmosisi geuzi, kisha kwenye resini inayokamata chembe za madini zilizopenya, mpaka kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome 0.

Ukolezi wenyewe hupimwa kwa refraktomita, kifaa cha kuchungulia chenye urefu wa kiganja. Matone mawili ya maji huwekwa kwenye kioo chake cha mshazari, kifuniko cha plastiki kinalazwa taratibu ili hewa isikwame chini yake, kisha mpimaji anakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Juu ni buluu, chini ni nyeupe, na pale rangi mbili zinapokutana ndipo penye jibu. Kosa la kawaida ni kukisawazisha kifaa hiki kwa maji safi pekee. Kinaweza kusoma 0 bila dosari kisha kikakosea kwa gramu 2 kikifika 35, kwa hiyo wanaojali huweka chupa ndogo ya myeyuko wa 35 wa kusawazishia. Haidromita ya plastiki yenye mkono unaoelea ni rahisi zaidi, ila kiputo kimoja cha hewa kikinasa kwenye mkono kinauinua, na mwenye tangi anaanza kupunguza chumvi ambayo haijazidi.

Uchafu usioonekana

Samaki hutoa amonia, nyingi yake ikipitia mashavuni. Chakula kilichobaki kikioza nacho hutoa amonia. Karibu na mwaka 1890, Mrusi Sergei Winogradsky alionyesha kwamba kuna bakteria wanaoishi kwa kuigeuza: kundi moja hufanya amonia kuwa nitriti, kundi jingine hufanya nitriti kuwa nitrati. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Ndiyo sababu huachwa wiki nne hadi sita likitiwa amonia kidogo bila samaki. Amonia hupanda kisha huanguka, nitriti hupanda kisha huanguka, na nitrati huanza kujikusanya. Hapo ndipo samaki wa kwanza anapokaribishwa.

Ukali wa amonia hutegemea pH. Kwenye pH 7, sehemu yake iliyo sumu haifiki 1 kwa 100. Iliyobaki imo katika umbo la amoniamu, lenye madhara kidogo. Kwenye pH 8.2, ambayo ndiyo hali ya bahari, sehemu ya sumu hukaribia 6 hadi 8 kwa 100. Tofauti hiyo huonekana wazi katika safari ya samaki wa pwani yetu. Huko Kenya wapiga mbizi huwavua samaki wa mapambo kwa nyavu ndogo, kila mmoja hufungwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, kisha hupandishwa ndege kwenda Ulaya, Marekani au Asia. Njiani samaki anapumua. Hewa ukaa inajaa mfukoni, pH inashuka, na amonia inayoongezeka saa baada ya saa inabaki katika umbo la amoniamu. Mpokeaji akikata mfuko, hewa ukaa inatoroka, pH inapanda, na amoniamu iliyokuwa imetulia inageuka sumu mbele ya macho yake. Kumwacha kangaja wa watu katika mfuko uliofunguliwa kwa saa mbili, eti azoee maji mapya pole pole, ni kumuogesha katika sumu. Mfuko hufunguliwa wakati maji ya karantini yameshaandaliwa kwa ukolezi na joto linalokaribiana na la mfuko, na samaki anahamishwa mara moja.

Nitrati haina ukali wa amonia, lakini haiondoki yenyewe. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza katika jarida la Kimarekani la wafugaji jinsi alivyoweka samaki na matumbawe kwa kutumia maji ya bahari, viputo vya hewa, na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe vyake. Ndani kabisa ya mawe ya aina hiyo, ambako oksijeni haifiki, bakteria wa namna nyingine huvunja nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayopanda na kwenda zake. Mawe hai yamekuwa mhimili wa matangi mengi ya matumbawe tangu hapo, yakisaidiwa na mtambo wa povu unaokokota uchafu kabla haujaoza.

Wengi hutegemea kubadilisha maji, na hapo hesabu inafaa kufanywa waziwazi. Tangi ambalo nitrati yake hupanda miligramu 4 kwa lita kila wiki, likibadilishwa asilimia 10 ya maji kila wiki, halishuki chini ya 36. Likifika 40, asilimia 10 inaondoa 4, na wiki inayofuata 4 zinarudi. Mwenye tangi hilo anaweza kubeba ndoo maisha yake yote. Dawa ni kupunguza chakula, kuongeza mawe, au kupanda mwani katika tangi la chini na kuuvuna.

Wala lengo si 0. Matumbawe yaliyonyimwa nitrati na fosfati kabisa hupauka, na katika maji matupu namna hiyo dinoflajelati, ule utando wa kahawia wenye viputo, hupata nafasi ya kutambaa juu ya mchanga na mawe. Wafugaji wengi huridhika na nitrati ya miligramu 2 hadi 10 na fosfati ya miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita.

Akiba ndogo kuliko zote

Tangi la samaki pekee linaweza kuishia hapo. Tangi la matumbawe magumu lina hesabu ya tatu, nayo ndiyo inayowaumiza wengi.

Tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kabonati. Kalsiamu inaichota majini, na kabonati inaipata kutoka kwenye akiba inayoitwa alkaliniti, yaani uwezo wa maji kumeza asidi bila pH kuporomoka. Alkaliniti hupimwa kwa daraja za Kijerumani, zinazoandikwa dKH. Bahari ina kalsiamu miligramu 420 hivi kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na alkaliniti ya daraja 7. Ukiziangalia juu juu nambari hizo, kila kitu kinaonekana kipo cha kutosha.

Sasa zigeuzwe gramu. Lita 200 zenye kalsiamu ya 420 zina gramu 84 za kalsiamu. Alkaliniti ya daraja 7 katika maji hayohayo inatosha kujenga gramu 25 tu za mifupa. Tuseme, kwa nadharia, matumbawe yamejenga gramu 25 bila mtu kurudisha kitu. Yatakuwa yametumia kalsiamu gramu 10, na kipimo chake kitakuwa kimeshuka kutoka 420 hadi 370, upungufu ambao mfugaji mzembe hata asingeustukia. Alkaliniti itakuwa imekwisha kabisa. Mifupa haijali kwamba kalsiamu bado ipo tele. Inakwama palipo na upungufu. Kwa hiyo mfugaji mwenye muda wa kupima kitu kimoja tu kwa siku hupima alkaliniti.

Kuipima ni kazi ya dakika mbili. Mililita 5 za maji ya tangi hutiwa katika kichupa, yakaongezwa tone la rangi na kuwa buluu. Kisha kitendanishi kinadondoshwa tone moja moja, kichupa kikizungushwa mkononi. Mwanzoni kila tone linafanya kijidoa cha njano kinachotoweka papo hapo. Kijidoa kinachelewa kidogo, kisha zaidi, na ghafla kichupa chote kinakuwa njano. Katika vifaa vingi vya bei nafuu kila tone ni daraja moja. Wenye subira hutumia maji maradufu ili kila tone liwe nusu daraja.

Nambari moja peke yake haisemi mengi. Jumatatu ikiwa 8.0 na Alhamisi ikiwa 6.8, bila kitu chochote kuongezwa, tangi linakula daraja 0.4 kwa siku. Kwa lita 200 hiyo ni bikabonati ya sodiamu gramu 2.4, pamoja na gramu 2 hivi za kalsiamu kloridi kwa upande wa kalsiamu. Vitu hivi viwili havikutanishwi katika kikombe kimoja, kwa kuwa vitaungana na kuganda hapohapo. Kila kimoja humiminwa kwa wakati wake, penye mkondo wa pampu. Bikabonati ndiyo ile soda nyeupe ya kuokea. Magadi ya kuchemshia maharage ni ndugu yake wa karibu, lakini hubeba madini mengine, floridi ikiwemo, na hayana nafasi katika tangi.

Magnesiamu hailiwi sana, ila ina kazi ya ulinzi. Maji ya bahari yamebeba kalsiamu kabonati zaidi ya ile ambayo kikemia yangepaswa kuishikilia. Isigande kwa nini? Sababu kubwa ni magnesiamu, inayojipenyeza kwenye fuwele changa na kuzizuia zisikue. Ikipungua, kisha mtu akamimina kalsiamu na bikabonati kwa pupa, maji yote huwa meupe ghafla, na asubuhi yake pampu na kipasha maji vimevaa koti la chokaa.

Mjerumani Hans-Werner Balling aliliona tatizo jingine katika njia hii ya chupa mbili. Kalsiamu kloridi na bikabonati ya sodiamu zikishatoa kalsiamu na kabonati yake, kinachobaki ni kloridi na sodiamu, yaani chumvi ya kawaida ya mezani. Miezi ikipita, chumvi hiyo inazidi na fungu la madini mengine linapungua, hata kama refraktomita inasoma 35. Katika miaka ya 1990 alipendekeza chupa ya tatu: chumvi ya bahari iliyoondolewa sodiamu kloridi. Ikichanganyika na ile iliyobaki tangini, mgawanyo aliouthibitisha Dittmar unarudi, na ziada ya maji ya chumvi inaondolewa wakati wa kubadilisha maji.

Chokaa usiku

Njia ya pili inamhusu msomaji wa pwani ya Uswahilini kuliko anavyodhani. Kwa karne nyingi mafundi wa Kilwa, Lamu na Unguja walichoma matumbawe juu ya rundo la magogo mpaka yakawa chokaa, wakaizima kwa maji, wakajengea nyumba na misikiti. Chokaa hiyo iliyozimwa, kalsiamu haidroksaidi, ndiyo pia inayopakwa kwenye jani la tambuu. Katika miaka ya 1970, Peter Wilkens aliwafundisha wafugaji wa Ulaya kuirudisha kwa matumbawe yaliyo hai.

Uzuri wake ni kwamba kila chembe huleta kalsiamu na alkaliniti kwa uwiano uleule ambao mifupa inahitaji, bila kuacha chumvi nyuma. Lita moja ya maji huyeyusha chini ya gramu 2 tu. Inayozidi hutuama chini, na maji maangavu ya juu ndiyo yanayotumika. Tangi letu linalokula daraja 0.4 kwa siku linaridhika na gramu 1 hivi ya chokaa, ambayo hutiwa katika zile lita 3 za kujazia mvuke. Chokaa ya kujengea haifai kwa sababu ya mchanga na metali zilizomo. Hutumika ile iliyosafishwa kwa matumizi ya chakula.

Hatari yake ni ukali. Maji yaliyoshiba chokaa yana pH inayozidi 12, hivyo hudondoshwa tone tone. Boya likinasa na pampu ikamwaga ndoo nzima usiku, pH inaruka, maji yanageuka maziwa, na asubuhi kuna kilio. Kwa hiyo wenye kutumia chokaa huweka ndoo ndogo ya kujazia, ili hata ikimwagwa yote isiweze kuua.

Saa yake nayo ni usiku. Mchana mwani ulio ndani ya matumbawe hufyonza hewa ukaa na pH hupanda. Taa zikizimwa kila kiumbe kinapumua na hakuna anayefyonza, hivyo pH hushuka mpaka alfajiri. Chokaa inayodondoka usiku hufunga hewa ukaa hiyo. Tangi linalotembea kati ya 7.9 na 8.3 kwa siku liko salama.

Kuna nyumba, hasa za nchi za baridi zilizofungwa madirisha, ambamo pH haipandi hata mchana. Hewa ya nje ina hewa ukaa sehemu 420 hivi kwa milioni. Chumba kilichojaa watu huvuka 1,000 kwa urahisi, na maji hulingana na hewa inayoyagusa. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, aliweka matumbawe ya Torquay hai nyumbani kwake London, na mtumishi wake alikuwa akimimina maji kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi. Leo wafugaji hupitisha mpira wa hewa wa mtambo wa povu hadi nje ya dirisha, na pH hupanda bila dawa. Wanaonunua chupa ya kupandishia pH badala yake hupandisha alkaliniti isiyohitaji kupandishwa, na pH hurudi ilikokuwa kabla ya siku kwisha.

Kipimo kipi kwanza

Alkaliniti iliyoshuka hupandishwa kwa daraja lisilozidi 1 kwa siku. Matumbawe yenye vidole vyembamba, jamii ya Acropora, yanaweza kumenyeka ngozi ikiruka ghafla, hata kama inarudi kwenye nambari nzuri. Mtu aliyekuta 5.5 na anayetaka 8 ana kazi ya siku tatu.

Vipimo kadhaa vikienda mrama kwa pamoja, ukolezi wa chumvi hutazamwa kabla ya kingine chochote. Chukua tangi lenye kalsiamu 372, magnesiamu 1,150 na alkaliniti 6.2. Mwenye pupa ataona mapungufu matatu na kununua chupa tatu. Lakini refraktomita ikisoma 31 badala ya 35, nambari zote tatu ni za bahari iliyozimuliwa: zidisha kila moja kwa 35, gawanya kwa 31, na utapata 420, karibu 1,300, na 7. Kinachokosekana ni chumvi gramu 4 kwa lita, jumla gramu 800. Hapa, na hapa tu, lile kosa la wageni linakuwa tiba. Lita 3 za kila siku za kujazia mvuke hutiwa chumvi gramu 105, huku ulishaji wa kawaida wa kalsiamu na alkaliniti ukiendelea, na baada ya siku 8 hivi refraktomita husoma 35.